Mjumbe hauawi: kutafuta ugonjwa wa sensa ya oksijeni na wa ndugu yake, seli ya fueli

Taa ya injini inawaka, mashine ya kusomea hitilafu inatoa P0130 (saketi ya sensa ya oksijeni) au P0171 (hewa imezidi mafuta), na fundi anafikia spana namba 22 kabla hajafikia mita. Sensa ya oksijeni inang'olewa, mpya inafungwa, hitilafu inafutwa. Baada ya siku tatu mwenye gari yuko getini tena, na safari hii salamu yake ni fupi.

Kisa hiki nimekiona nikiwa gerejini, na baadaye nikakikuta tena kwenye maabara ya seramiki, kimevaa koti jeupe. Kile kidole cha seramiki kilichomo ndani ya sensa, yaani zirkonia iliyochanganywa na itria (oksidi za zirkoniamu na itriamu), ndicho pia moyo wa seli ya fueli ya oksidi yabisi, ile inayotoa umeme kutoka kwenye haidrojeni au gesi asilia bila kuwasha moto. Magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Ukilijua jiwe lenyewe, dalili nyingi zitakuwa zimejieleza, iwe mbele yako kuna Toyota au tanuri.

Jiwe lenyewe

Zirkonia tupu haifai. Ikipoa kutoka tanurini, inapofika karibu na nyuzi 1,000 za Selsiasi fuwele zake hubadili umbo na kutanuka kwa asilimia 4 hadi 5, na kipande chote kinapasuka. Itria ikiingia, yanatokea mambo mawili kwa mpigo. Umbo la joto kali linabaki hata jiwe likipoa, na kwa kila ayoni (atomi zenye chaji) mbili za itriamu zinazokaa mahali pa zirkoniamu, kiti kimoja cha oksijeni kinabaki wazi. Kwenye viti hivyo ndiko ayoni za oksijeni husogea, mmoja akiacha nafasi mwingine akiichukua, kama abiria wa daladala konda anapopiga kelele watu wasogee nyuma.

Ila husogea jiwe likiwa moto tu. Likiwa baridi ni kama sahani ya chai, halipitishi chochote. Walther Nernst aliligundua hilo mwishoni mwa karne ya 19 alipotengeneza taa ya umeme kwa mchanganyiko huohuo: ilibidi aipashe kwanza ndipo iwake. Kumbuka taa hiyo, maana nusu ya sensa ambazo watu huziita mbovu ni sensa za baridi.

Upande mmoja wa kidole kuna hewa ya nje, yenye oksijeni asilimia 21. Upande wa pili kuna moshi wa injini. Pande zote mbili zimepakwa platinamu yenye vitundu. Oksijeni inataka kwenda kule iliko haba, na msukumo huo ndio volti unayoisoma. Katika nyuzi 700, kila tofauti ya mara 10 ya oksijeni kati ya pande mbili inatoa kama milivolti 48. Moshi wenye oksijeni asilimia 1 utakupa milivolti 64 hivi. Petroli ikizidi, platinamu inaunguza oksijeni yote iliyosalia juu ya uso wake, kinachobaki kinaandikwa kwa sufuri zaidi ya 15 baada ya nukta, na volti inaruka hadi 0.8 au 0.9. Mruko huo hutokea palepale ambapo hewa na petroli vinatoshana, kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Volvo ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye sensa hii, iliyotengenezwa na Bosch, huko Marekani mwaka 1976.

Sensa hii inapima oksijeni. Haipimi petroli. Ningekuwa na uwezo ningeiandika sentensi hiyo ukutani kwa rangi nyekundu.

Kwanza hakikisha ni sensa ya aina gani

Hapa ndipo mafundi wazuri wanapoteleza. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea hazina sensa ya kawaida pale mbele, kabla ya masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi). Zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Nayo ni ya zirkonia, lakini kontroli boksi (kompyuta ya injini) huisukumia mkondo mdogo na kupima mkondo huo, wala haisubiri volti iliyozaliwa na jiwe. Waya zake mbili za ishara hukaa kwenye volti 3.3 na 3.0, na kwenye mashine ya kusomea namba hupanda hewa ikizidi. Kwa sensa ya kawaida hewa ikizidi namba hushuka. Ukiipima kama sensa ya kawaida utaihukumu kifo siku ileile.

Plagi ya waya inaweza kuingia bila taabu na bado sensa ikawa siyo. Angalia namba ya spea, usiangalie umbo. Sensa za nyuma, baada ya masega, kwa kawaida ni za aina ya zamani ya volti 0.1 hadi 0.9, na kwa sababu hiyo gari moja linaweza kuwa na lugha mbili. Yote ninayoyasema kuanzia hapa yanahusu aina hiyo ya zamani, mpaka nitakapoaga gereji.

Mita nayo ina neno. Tumia ya kidijitali. Jiwe likiwa halijachemka vizuri, ukinzani wake wa ndani unafika mamilioni ya omu, na mita ya mshale inakunywa mkondo kiasi cha kuiangusha volti yenyewe unayotaka kuiona. Unapima kiu ya mita yako.

Volti imeganda chini, kati ya 0 na 0.2

Hii ndiyo dalili inayoua sensa nyingi zisizo na hatia. Mashine inasema P0131 au P0171, hewa imezidi, na kontroli boksi inaongeza mafuta hadi asilimia 20 na zaidi. Gari linakula petroli na linanuka nyuma. Mwenye gari anasema linakula mafuta, sensa inasema mafuta hayatoshi, na fundi anaamua sensa ni mwongo.

Mlazimishe aseme. Injini ikiwa ya moto na sensa ikiwa imefungwa mahali pake, choma pini ya mita nyuma ya plagi kwenye waya wa ishara. Kwenye sensa nyingi za Bosch waya mbili nyeupe ni za hita (kipasha joto cha sensa), mweusi ni ishara na wa kijivu ni ardhi. Sasa ingiza gesi ya kupikia kidogo kwenye mdomo wa kichujio cha hewa, kwa mpira mwembamba, mbali na cheche. Injini itazubaa kidogo. Volti ikiruka hadi 0.8 na kushuka ukitoa mpira, sensa ni nzima na ilikuwa inakuambia ukweli: oksijeni ipo kwenye moshi. Kazi yako sasa ni kutafuta imeingilia wapi.

Njia ni tatu, na mbili zinasahaulika.

Inayojulikana ni hewa ya wizi baada ya kipimo cha hewa, kupitia mpira wa vakyumu uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Ndugu yake wa karibu ni kipimo cha hewa chenyewe kilichojaa vumbi. Gari lililokaa kwenye barabara za vumbi na kichujio cha bei rahisi, kipimo chake husoma hewa pungufu, kontroli boksi inatia mafuta pungufu, na sensa ya oksijeni inalaumiwa kwa kusema ukweli. Kiondoe, kipulizie dawa yake, kikauke, ujaribu tena. Ni kazi ya robo saa.

Ya pili ni tundu kwenye bomba la moshi kabla ya sensa. Watu hudhani moshi hutoka tu. Moshi unasafiri kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kuna mvuto unaonyonya hewa ya nje. Injini inaweza kuwa imezama kwenye petroli na sensa isome oksijeni tele, kwa sababu oksijeni hiyo haikupita kwenye silinda kabisa. Niliwahi kuletewa gari lililobadilishwa sensa tatu. Gasketi kati ya manifoldi na bomba ilikuwa imeliwa upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki, na ushahidi pekee ulikuwa doa la masizi la ukubwa wa kucha. Nililipata kwa blowa: injini ikiwa baridi, unafunga blowa kwenye mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, unapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, na unatazama linapochemka. Gasketi mpya ikamaliza kesi. Zile sensa tatu nilizipima baadaye kwa moto, zote zilikuwa hai.

Ya tatu ni silinda inayokosa moto. Plagi au koili ikifa, petroli na hewa ya silinda ile vinatoka vyote bila kuungua. Petroli imejaa bombani, lakini na oksijeni imejaa pia, na sensa inajua oksijeni tu. Rudi kwenye ile sentensi ya ukutani.

Kama gesi ya kupikia haikuisogeza volti kabisa, hapo ndipo unaanza kuishuku sensa, na jambo la kwanza la kuangalia ni hita.

Imeganda 0.45 au karibu

Magari mengi hupeleka kwenye waya wa ishara volti 0.45 hafifu kutoka kontroli boksi. Ukiona 0.45 isiyotikisika, maana yake jiwe halisemi lolote na unasoma mwangwi wa kontroli boksi. Ama waya umekatika, ama jiwe ni baridi.

Hita hupimwa hivi: plagi ikiwa imechomolewa, waya mbili za hita zitoe omu chache, hadi kama 20 kutegemea aina. Mita ikionyesha mstari ulio wazi, hita imekatika na sensa ni ya kutupa. Ikisoma vizuri, washa swichi uone kama upande wa gari una volti 12. Fyuzi ya hita mara nyingi inatumika na kifaa kingine, na huungua bila kuaga. P0135 ni hita ya sensa ya mbele, P0141 ni ya nyuma, katika upande wa kwanza wa injini.

Sensa za zamani za waya mmoja hazina hita kabisa. Hizo kwenye foleni ya magari zinapoa na kunyamaza, barabara ikifunguka zinafufuka. Sio ugonjwa.

Kuna kisa cha ajabu zaidi. Ule upande wa hewa ya nje unahitaji hewa kweli, na kwenye sensa nyingi hewa hiyo hupita katikati ya nyuzi za waya wenyewe, ndani ya mpira wake. Fundi akiunga waya kwa risasi ya kuchomelea, au akijaza grisi kwenye plagi ili maji yasiingie, ameiziba pua. Sensa inafanya kazi wiki kadhaa, kisha volti yake ya juu inashuka, 0.8, 0.6, 0.4, kwa sababu oksijeni ya ndani inakwisha na tofauti kati ya pande mbili inapungua. Unga kwa kubana, usichomelee, na grisi iache kwenye beringi.

Imeganda juu, 0.8 na zaidi

Hapa sensa huwa inasema kweli mara nyingi zaidi. Injekta inavuja, shinikizo la mafuta limezidi, sensa ya joto la maji inadhani injini ni baridi daima. Jaribio ni kinyume cha lile la kwanza: chomoa mpira mmoja wa vakyumu. Hewa ikiingia volti lazima ianguke. Isipoanguka, chunguza kama waya wa ishara umegusana na waya wa umeme, hasa pale unapopita karibu na bomba na mpira wake umeyeyuka.

Inapanda na kushuka, lakini kizembe

P0133. Sensa nzima, injini ikiwa ya moto kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hubadili upande angalau mara 8 kwa sekunde 10. Ikibadili mara 3, bado ina uhai ila imechoka, na hapa kweli ugonjwa uko kwenye malighafi.

Umeme unazaliwa mahali padogo mno: pale ambapo platinamu, zirkonia na gesi vinakutana. Kwa miaka ya joto, chembe za platinamu huungana kuwa madonge makubwa na mipaka hiyo inapungua. Huo ni uzee, hauna dawa, na wapuliziaji wa petroli wanaodai kuusafisha wanakula fedha za watu. Sababu nyingine ni sumu inayoziba vitundu kwa nje. Ng'oa sensa utazame ncha yake kwenye jua.

Unga mweupe kama chokaa ni silika. Ina vyanzo viwili. Kimoja ni gundi ya silikoni ya kufungia gasketi, hasa ile inayonuka siki: mvuke wake unapitia mfumo wa hewa ya krankikesi (tumbo la injini lenye oili), unaungua injini, na unakuwa mchanga laini kabisa juu ya platinamu. Tyubu nzuri huandikwa kwamba ni salama kwa sensa. Soma kabla ya kununua. Kingine ni dawa ya rejeta yenye silikati inayoingia silinda kupitia gasketi ya sirinda hedi iliyopasuka. Kwa hiyo ncha nyeupe pamoja na rejeta inayopungua maji bila kuvuja nje ni habari mbaya kuliko ya sensa, na mwenye gari aambiwe mapema, kabla ya bei ya spea.

Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kenya mwaka 2018 iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya uchanganyaji huo. Masizi peke yake yanaungua yenyewe ukishatibu chanzo, hayaui. Weusi unaong'aa wa mafuta ni injini inayokula oili, na fosforasi na zinki za kwenye oili hukaa pale kama kioo. Wekundu wa kutu hutokana na viongeza vya petroli vyenye chuma au manganizi. Rangi ya kijivu inayometa ni risasi, na hiyo siku hizi ni nadra: Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Aliyeiona hivi karibuni aulize kama gari halikutiwa mafuta ya ndege ndogo.

Na ncha iliyopasuka? Maji. Seramiki yenye nyuzi 700 ikipigwa tone la maji baridi inapasuka kama glasi ya chai ya moto kwenye sinki. Kontroli boksi za kisasa huchelewesha hita kwa makusudi mpaka unyevu wa bombani ukauke. Kuvuka dimbwi la mvua ya masika ukiwa umetoka mwendo wa kasi kunatosha, na kuangusha sensa kwenye sakafu ya saruji kunatosha pia, hata kama ganda la chuma halina mkwaruzo.

Jaribio la moto

Kwa mtu mwenye sensa mkononi asiyejua kama ni nzima: ibane kwenye jiriwa kwa pande zake sita, unganisha mita kati ya ishara na ardhi, ipige ncha moto wa gesi. Ikianza kuwa nyekundu kwa mbali volti inapaswa kupita 0.6, mara nyingi 0.8. Ondoa moto, hewa iingie, volti ianguke ndani ya sekunde moja au mbili. Ikipanda taratibu na kushuka kwa kusitasita, ndiyo ile ya kizembe. Usijaribu hivi kwenye sensa ya uwiano, haitakuambia la maana. Ukiirudisha, paka dawa ya kuzuia kukwama kwenye nyuzi tu, isiguse ncha, na kaza kwa nyutoni-mita 40 hadi 60.

Ya nyuma nitaipita haraka. P0420 (masega hayasafishi moshi inavyotakiwa) si hukumu ya sensa ya nyuma. Ikicheza sawasawa na ya mbele, masega yamekufa au hayapo tena, yameuzwa kwa ajili ya platinamu na paladiamu yake. Kubadilisha sensa pale ni kumbadilishia miwani mtu asiyeona kwa sababu ya giza.

Jiwe lilelile, kwenye tanuri

Sasa ndugu zangu wa maabara. Ukichukua sensa, ukaweka haidrojeni badala ya moshi, ukaacha hewa upande wa pili na ukaruhusu mkondo upite, umepata seli ya fueli. Emil Baur na Hans Preis walifanya hivyo Uswisi mwaka 1937. Tofauti ni kwamba sensa haichotwi mkondo, seli inachotwa, na kila udhaifu ambao sensa iliuficha unajitokeza.

Volti bila mzigo ni ndogo. Kwa nyuzi 800, haidrojeni yenye unyevu wa asilimia 3 na hewa upande wa pili, seli ya zirkonia inapaswa kutoa karibu volti 1.1. Ukisoma 0.9, ni tundu la ekzosi limerudi kwa jina jingine: hewa inaingia kwenye haidrojeni. Ongeza kasi ya haidrojeni. Volti ikipanda, kuna uvujaji, ama kwenye muhuri wa kioo ama kwenye elektroliti, yaani jiwe lenyewe. Kabla ya kuijenga seli nyingine, dondoshea wino juu ya kidonge cha elektroliti kilichochomwa na utazame upande wa chini. Wino ukipenya, na gesi itapenya. Zirkonia inahitaji nyuzi 1,400 au karibu kwa saa kadhaa ili ifunge vizuri, zaidi ya asilimia 95 ya densiti yake ya nadharia. Tanuri inayoonyesha 1,400 wakati kipimajoto chake kimezeeka ni chanzo cha huzuni nyingi. Na kabla ya lolote uliza swali lilelile la gereji: hii ni aina gani? Elektroliti ya seria iliyotiwa gadolinia (oksidi za seriamu na gadoliniamu) hutoa chini ya volti 1 hata ikiwa nzima, kwa sababu haidrojeni inaipa seria elektroni nazo zinapenya ndani ya jiwe. Nimemwona mwanafunzi akitafuta uvujaji wiki mbili kwenye seli isiyovuja.

Volti bila mzigo ni nzuri, lakini ukichota mkondo inaporomoka. Hapa usibahatishe, pima impedansi, yaani ukinzani kwa umeme wa masafa mbalimbali, unaochorwa kama mkunjo wa nusu duara. Pale mkunjo unapokata mhimili upande wa masafa ya juu ndipo pana ukinzani wa jiwe na viungo vya waya. Ukiwa mkubwa kuliko unene wa elektroliti unavyoruhusu, ama elektrodi (tabaka la kupokelea umeme juu ya jiwe) imebanduka, ama kati yake na zirkonia pamezaliwa tabaka lisilopitisha ayoni. Manganiti ya lanthanamu, elektrodi ya upande wa hewa, ikichomwa juu sana pamoja na zirkonia, hasa kupita nyuzi 1,200, hutengeneza zirkoneti ya lanthanamu. Elektrodi zenye strontiamu na kobalti huleta zirkoneti ya strontiamu mapema zaidi, ndiyo maana watu huweka tabaka jembamba la seria katikati. Kama ni nusu duara za elektrodi ndizo zilizovimba, rudi kwenye platinamu iliyozeeka: mipaka ya mambo matatu imepungua, tofauti ni kwamba huku ni chembe za nikeli, elektrodi ya upande wa fueli, zinazoungana.

Ilikuwa nzima jana, leo baada ya kuzimwa imekufa. Uliza nani alifunga haidrojeni, na saa ngapi. Nikeli ya moto ikikutana na hewa inarudi kuwa oksidi, na ujazo wake unaongezeka kwa kama asilimia 70. Kitu kilichobanwa kikivimba kiasi hicho, elektroliti iliyo juu yake inapasuka. Poza ndani ya haidrojeni iliyochanganywa na nitrojeni mpaka chini kabisa. Umeme wa gridi ukikatika katikati ya jaribio la saa 200, chupa ya gesi yenye vali inayojifungua yenyewe ni ya thamani kuliko vifaa vyote vya mezani. Katika maabara zetu hilo si jambo la nadharia.

Inashuka polepole siku hadi siku. Salfa kwenye fueli, hata chembe chache kati ya milioni, hukaa juu ya nikeli. Ukisafisha fueli, mara nyingi seli inarudisha sehemu kubwa ya nguvu. Kromiamu hairudishi hivyo: inatoka kama mvuke kwenye chuma cha pua cha mabomba na viunganishi, inatua upande wa hewa. Kama fueli ni methani isiyo na mvuke wa kutosha, tazama kaboni. Hilo ni sizi tu, na ekzosi ilishakufundisha.

Kidonge kipya kinapitisha vibaya kuliko vitabu vinavyosema. Kabla ya kulaumu unga ulionunua, fikiria silika. Ileile ya gundi ya gasketi. Kiasi kidogo sana kinajipanga kwenye mipaka ya chembe za zirkonia kama saruji kati ya matofali, na ayoni zinakwama pale. Huingia kutoka kwenye kinu cha akiki (jiwe la silika) ulichosagia, kwenye sufi ya tanuri inayopukutika, kwenye grisi ya silikoni ya vyombo vya glasi. Kwenye impedansi utaona nusu duara ya pili, ile ya mipaka, ikiwa imevimba huku ya chembe zenyewe ikiwa kawaida. Alumina kidogo iliyoongezwa kwenye unga huwa inaikusanya silika pembeni na kuacha njia wazi.

Kidonge kikitoka tanurini na nyufa kama matope yaliyokauka, kipige eksirei. Kilele cha nyuzi 30 hivi, za pembe na si za joto, ndicho unachokitaka. Vikitokea viwili vya 28.2 na 31.5, hayo ni maumbo ya zirkonia tupu: itria ni pungufu au haikuchanganyika. Saga upya, safari hii kwa mipira ya zirkonia na si ya akiki, na pima itria baada ya kuikausha, kwa sababu unga huo hunyonya unyevu na hewa ya ukaa ukiachwa wazi, na gramu unayoisoma kwenye mizani sehemu yake ni maji.